Jinsi ya kuisoma manowari ikipita Kilindini bila kuuliza mtu

Kila nikivuka Likoni hapa Mombasa na meli ya kijivu ikatokea ikielekea bandari ya Kilindini, feri nzima inageuka bunge. Huyu anasema ni ya Wamarekani, yule ati ni Wachina wamekuja kuangalia bandari yao, mama wa mahamri anaapa hiyo ni ya KPA, mamlaka ya bandari, na wote wamekazana utadhani walikuwepo siku inachomelewa. Na meli yenyewe iko pale imejiandika kila kitu, bendera, namba, jina, inapita mbele ya macho yetu polepole na hakuna hata mmoja anaisoma.

Mi nlifunzwa na mjomba wangu. Kazi yake ilikuwa gatini, kufunga na kufungua kamba za meli, miaka na miaka, shule aliachia la saba lakini meli ikiingia mlango wa Kilindini anakwambia ya nchi gani kabla wewe hujamaliza kufuta miwani. Siku ya kwanza nilipomuuliza alinambia, "We mpwa, meli ya jeshi ni kama askari mwenyewe, kila kitu kakivaa nje. Kwao, cheo, jina. Kazi yako ni kujua uanze kuangalia wapi." Basi hii ndio njia yake, na mi nimeongezea yangu niliyookota nikisoma huku na huku. Mfano wetu mkubwa utakuwa Kenya Navy, wanamaji wetu wa jeshi, manake ndio tunaiona kila wiki, lakini ukishajua hii hata ukienda Kigamboni utaisoma ile ya Tanzania vilevile.

Pa kusimama kwanza

Kwa feri unaona lakini unasukumwa, na pia wenyewe hawataki mambo ya kutoa simu na kupiga picha pale. Nenda Mama Ngina, ule ufuo ulio mdomoni mwa bandari, pale chini ya mibuyu, chukua dafu lako na mihogo ya kukaanga ukae. Meli yoyote inayoingia Kilindini lazima ipite hapo mbele yako, haina njia nyingine. Enda asubuhi. Jioni jua likianza kushuka upande wa bara, ukiangalia ndani ya bandari utaona kivuli cheusi tu, sio namba sio bendera.

Beba darubini kama unayo, ile imeandikwa 7x50 ndio nzuri kwa bahari, ukipata ya mkopo shukuru. Simu ukivuta zumu sana inakupa uji.

Na hii naiandika kwa herufi kubwa kichwani mwako: KAMBI YA NEVI YA MTONGWE USIIPIGE PICHA. Sio kambi, sio gati yake, sio meli ikiwa imefungwa pale. Hilo ni eneo la ulinzi kisheria na ukikamatwa utaeleza mpaka ukauke koo. Macho yako na daftari vinatosha, mi nina daftari la mraba la shilingi ishirini na ndio limenifikisha hapa.

Ni ya jeshi kweli ama umeona rangi tu?

Kijivu peke yake hakitoshi. Kuna tagi za bandari za kuvuta meli, kuna meli za utafiti, kuna walinzi wa pwani. Hawa walinzi wa pwani, Kenya Coast Guard Service, wameundwa na sheria ya 2018 na sio Kenya Navy, ni kikosi chao kando, kazi yao wavuvi haramu, magendo, mambo ya mazingira, na meli yao inayojulikana inaitwa Doria. Mi mwenyewe nlishaaibika hapo, niliiona Doria kwa mbali nikaambia wenzangu wa kazini ile ni meli mpya ya nevi, nikaweka dau la madafu mawili, ikaja karibu ikasomeka jina, nikalipa madafu manne kwa sababu jamaa walizidisha faini.

Sasa kitu kinachoifanya meli iwe ya vita sio mzinga, utashangaa. Ule mkataba wa sheria ya bahari wa Umoja wa Mataifa, wa 1982, kipengele cha 29, unasema meli ya kivita ni ile ya jeshi la nchi, yenye alama za nje za kuonyesha ni ya nchi gani, inayoongozwa na afisa aliyeteuliwa na serikali ya nchi hiyo, na mabaharia wake wako chini ya nidhamu ya kijeshi. Basi. Mzinga hautajwi hata. Kwa hivyo bendera na namba sio mapambo ya siku ya sherehe, ni kitambulisho, bila hizo alama meli inakosa ile kinga yake, manake meli ya kivita ikiwa kwenye bahari kuu hakuna nchi nyingine inayoweza kuipandia kuikagua. Ndio maana utaona rangi imepauka, kutu inateremka chini ya tundu la nanga kama machozi, lakini bendera ile ni safi na namba imepakwa juzi.

Kiswahili chetu nacho kina neno lake, manowari, na hilo tulilipata kwa mabaharia wa Kiingereza waliokuwa wakiita meli zao man-of-war, tukalitia irabu mwishoni likawa letu. Neno admiral safari yake ni ya kuelekea kule, Wazungu walilichukua kwa Waarabu, ni amiri huyuhuyu tunayemsema tukisema Amiri Jeshi Mkuu. Bahari haina hati miliki.

Hatua ya kwanza, angalia nyuma

Watu wote wanaangalia mbele kwenye mzinga. We angalia nyuma, kwenye tezi. Meli ikiwa gatini ama imetia nanga, bendera ya nevi inakaa pale nyuma kabisa kwenye mti wake. Ikiwa inatembea unaweza kuikuta juu kwenye mlingoti.

Ya Kenya Navy ni kitambaa cheupe, pembe ya juu upande wa mti kuna bendera yetu ya taifa ndogo, ile nyeusi nyekundu kijani na ngao na mikuki, halafu upande unaopepea kuna nanga nyekundu. Ukiiona hiyo maliza, ni ya nyumbani.

Kwa nini nyeupe? Hapo ndio historia ilipojificha. Bendera ya nevi ya Uingereza ni nyeupe, ina msalaba mwekundu wa Mtakatifu George umekata katikati, na bendera ya Uingereza pembeni juu. Nchi nyingi zilizotawaliwa na Mwingereza zilirithi ule mpango, weupe na bendera pembeni, kisha kila mmoja akafanya mambo yake. Kenya iliacha msalaba ikaweka nanga. India waliubeba ule msalaba miaka mingi sana baada ya uhuru, mpaka tarehe 2 Septemba 2022 siku walipoingiza kazini meli yao kubwa ya kubeba ndege, Vikrant, kule Kochi, ndio wakautoa kabisa wakaweka nembo ya buluu yenye pembe nane. Meli za India zinakuja Mombasa mara kwa mara kwa hivyo hii itakusaidia, ukiona picha ya zamani ya manowari ya India iko na msalaba mwekundu, usibishane na mtu, angalia tarehe ya picha.

Wageni wengine haraka haraka. Marekani hawana bendera tofauti ya nyuma, ni ileile ya nyota na mistari. Mfaransa anatumia rangi zake tatu lakini ukitazama sana utaona mistari haina upana sawa, buluu ndio nyembamba na nyekundu ndio pana, wamefanya hivyo kwa sababu bendera ikipepea ule upande wa mwisho unaonekana umepungua. Mjapani ni lile jua lenye miale, miale 16. Mchina ni nyekundu juu na nyota yake, chini mistari ya buluu na nyeupe. Wale wa feri wanaosema kila meli ni ya Wachina hebu wasome hapa.

Kisha inua macho juu kabisa ya mlingoti. Kuna kitu kama utepe mwembamba mrefu unapepea, ukikosa makini utadhani ni kamba imekatika. Huo ni utepe wa meli iliyo kazini, nevi nyingi duniani wanao, maana yake meli imeshakabidhiwa rasmi kwa kamanda na iko kwenye utumishi. Haushushwi kila jioni kama bendera ya nyuma.

Ukiona meli imevishwa vibendera vya rangi rangi kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi kama harusi, hiyo ni sikukuu ama mgeni mkubwa, hakuna ujumbe pale, usianze kutafsiri. Lakini kibendera kimoja kimoja kikining'inia hicho kinazungumza. Nyekundu yote, mzigo wa hatari, utaiona sana kwenye meli za mafuta zikielekea Kipevu. Nusu nyeupe nusu nyekundu, rubani wa bandari yuko ndani. Buluu yenye mraba mweupe katikati, tuko karibu kung'oa nanga. Nyeupe na buluu iliyokatwa mkia kama mbayuwayu, kuna mzamiaji chini ya maji, kaa mbali na upunguze mwendo. Hiyo ya mwisho wenye mashua waishike kichwani, wazamiaji wa nevi wanafanya kazi kwenye mkondo uleule, 2019 gari lilipotumbukia majini kutoka kwenye feri ya Likoni wao walikuwa miongoni mwa waliokaa chini kule siku kumi na ushei wakitafuta.

Hatua ya pili, namba

Ubavuni karibu na omo kuna herufi na namba, kubwa, unaisoma hata bila darubini. Herufi ndio aina ya meli. P ni ya doria. L ni zile za kushusha watu na mizigo ufuoni, A ni meli za kusaidia, F ni frigeti, M ni za kutegua mabomu ya majini, D ni zile kubwa za mashambulizi. Mpango huu pia tulitoa kwa Waingereza na nchi nyingi zinautumia, Wamarekani hapana, wao wanapaka namba tupu.

Za kwetu nyingi ni P na zinaanza na 31. Nyayo ni P3126, Umoja P3127, Jasiri P3124. Hapo kuna mtego. Ukiangalia namba utadhani Jasiri ni mkubwa wao kwa umri, kumbe Nyayo na Umoja ni wa miaka ya 1980 na Jasiri alifika Mombasa 2012. Kwa hivyo namba usiifanye cheti cha kuzaliwa. Umri uko kwenye jina.

Hatua ya tatu, jina, na hapa ndio tamu

Mbele ya jina kuna KNS, hiyo ni kusema meli ya Kenya Navy, kama vile ya Tanzania inaanza na TNS na ya India INS. Jina lenyewe sasa. Mjomba alikuwa na kamchezo, anakutajia jina la meli anakwambia "rais nani?" na we unatakiwa useme miaka gani. Nilidhani ni bahati nasibu mpaka nikakaa chini na kuyapanga majina yote, nikakuta ukweli, Kenya Navy inabatiza kwa misimu, kila zama na aina yake ya majina.

Anza kabla ya Kenya yenyewe. 1933 Waingereza walianzisha hapa kikosi cha akiba cha kujitolea cha wanamaji, Kenya Royal Naval Volunteer Reserve, wakaendelea hadi vita vya pili vikaisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikawa Royal East African Navy, nevi moja ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, makao yake Mombasa. Yaani tulishawahi kuwa na nevi ya Afrika Mashariki nzima na sahi watu wanagombana mpaka wa samaki. Meli yao iliitwa Rosalind. Rosalind ni nani? Ni mwanamke kwenye tamthilia ya Shakespeare, meli ile ilikuwa ya kundi zima la meli ndogo za Kiingereza lililopewa majina ya wahusika wa Shakespeare, kina Hamlet, Othello, Juliet. Fikiria vijana wa Pwani, watu wa Lamu na Vanga, wanapigishwa saluti kwenye Rosalind. Baadaye wakapata nyingine wakaiita Mvita, na hapo ukiwa wa Mombasa unajua, Mvita ndio jina la kale la mji wetu. Hiyo nevi ilivunjwa 1962, pesa na siasa, kila nchi ilikuwa inaelekea uhuru wake.

Kenya Navy yenyewe ilizaliwa tarehe 12 Desemba 1964. Angalia tarehe hiyo vizuri, ni siku ileile Kenya ilipokuwa jamhuri, mwaka mmoja kamili baada ya uhuru. Kwa hivyo nevi na Jamhuri ni mapacha, na kila Jamhuri Dei wao wanakata keki mbili.

Msimu wa kwanza wa majina ni wanyama. Nyati ilitoka kwa Waingereza ikiwa imeshatumika, zamani ikiitwa Aberford. Kisha 1966 zikaja tatu mpya kutoka kwa wajenzi wa meli Vosper kule Portsmouth, Simba, Chui na Ndovu. Hesabu wanyama wakubwa watano wa watalii, simba, chui, ndovu, nyati, wa tano amekosekana kwenye hao wanne wa mwanzo, kifaru. Mi dai langu, ambalo sina ushahidi nalo hata kidogo, ni kwamba hilo jina lilishachukuliwa na jeshi la nchi kavu, manake ukisema kifaru kambini hakuna anayewaza mbugani. Mwaka wa 1974 akaongezeka Mamba, huyo angalau anajua kuogelea.

Msimu wa pili, siasa ya Kenyatta. 1975 zilikuja tatu kutoka Brooke Marine, tena Uingereza, zikabatizwa Madaraka, Jamhuri na Harambee. Ukiangalia ni kama kalenda ya sikukuu imetiwa maji. Na nyakati hizo ndio watu pia walibadilika, makamanda wa mwanzo walikuwa Waingereza mpaka 1972 alipokabidhiwa Mkenya wa kwanza, Kimaro.

Msimu wa tatu mtu yeyote aliyesoma shule ya nyayo, aliyekunywa maziwa ya nyayo, hahitaji kuambiwa. Moi alipoingia 1978 akasema anafuata nyayo, na wimbo ukawa amani, upendo na umoja. Meli mbili kubwa zilizoagizwa kwa Vosper Thornycroft zikaitwa Nyayo na Umoja. Ni kama mita 57 kila moja, zikaja na makombora ya Otomat ya Waitaliano na Wafaransa, na kwa miaka mingi ndizo zilikuwa fahari ya kikosi chote. Mjomba alikuwa akiiona Nyayo anasimama wima kwa mzaha anaimba tawala Kenya tawala, wenzake gatini wanamtupia kamba.

Msimu wa nne mito. Galana na Tana, 1994, kutoka Hispania. Hizi sio za kupigana, ni za kubeba, zina tumbo pana na omo unaofunguka wa kushusha gari na watu ufuoni. Jina limekaa vizuri kuliko yote kwa maoni yangu, mto kazi yake kubeba vitu kuvipeleka baharini na kurudisha udongo. Kazi ya namna hii ndio ilionekana tarehe 28 Septemba 2012, wanajeshi wa Kenya waliposhuka Kismayo kwa njia ya bahari, usiku, baada ya karibu mwaka mzima wa vita vya nchi kavu ndani ya Somalia.

Msimu wa tano ni tabia njema. Shujaa na Shupavu, 1997, hao nao Wahispania, halafu Jasiri. Jasiri ni mrefu, kama mita 85, mtu yeyote ataiona hata bila darubini. Mkataba wake ulizua mjadala mkubwa nchini, meli ikakaa Hispania miaka imejengwa haiji, ikafika Agosti 2012. Wanaobishana kwenye feri wakisema "ile ya kashfa" wanamaanisha hiyo. Mi hapo siingii, mi nasoma namba ubavuni.

Na angalia hii, 2011 Wafaransa walitupatia meli yao iliyotumika ikiitwa La Rieuse, maana yake mwanamke anayecheka. Kenya wangeweza kutafuta jina jipya la tabia njema, hawakufanya, wakarudi kwenye kabati la zamani wakachukua Harambee. Hiyo ni desturi ya nevi duniani, jina halifi na meli, meli inavunjwa vyuma vinauzwa lakini jina linapumzika linasubiri mwili mwingine. Kwa hivyo ukisoma KNS Harambee kwenye gazeti la zamani na ukaisoma kwenye la juzi, hizo ni meli mbili, angalia tarehe na picha kabla hujaanza kutoa darasa.

Linganisha na jirani. Wanamaji wa Tanzania, ambao kituo chao Kigamboni kilijengwa kwa msaada wa Wachina, 2015 waliingiza kazini meli mbili za Kichina, wakati wa Kikwete, majina ni TNS Mwitongo na TNS Msoga. Ukiwa huku Kenya hayo majina hayakwambii kitu. Mtanzania anacheka hapohapo, Mwitongo ni kule Butiama, kwao Nyerere, na Msoga ni kijijini kwao Kikwete mwenyewe. Sisi tuliandika kauli mbiu za marais ubavuni, wao wameandika kwao na marais. Nani kamshinda mwenzake kwa unyenyekevu sijui, nawaachia feri nzima waamue.

Hatua ya nne, watu walio juu

Ukibahatika meli ikaingia na mabaharia wamejipanga kwenye reli, wima, sare nyeupe, umbali sawa baina ya mtu na mtu, hiyo ni heshima, na asili yake mabaharia wa zamani walikuwa wakipanda mitini juu kwenye matanga wote waonekane, kuonyesha hakuna mtu aliyejificha chini kwenye mzinga. Ndio lugha yake, tazama mikono yetu iko mitupu.

Vyeo sasa, hapa hata watu wazima wanaanguka. Nevi nyingi duniani wana vyeo vyao vya baharini, mkubwa kabisa ni admirali, chini wana komodori, kepteni, kamanda. Kenya Navy hapana. Wao wanatumia vyeo vya jeshi la nchi kavu, meja, luteni kanali, kanali, brigedia, na kamanda wa kikosi kizima ni meja jenerali. Kwa hivyo ukisoma ati meja jenerali ndio mkuu wa wanamaji usidhani mwandishi amekosea.

Tatizo kubwa liko kwa kepteni. Kwenye nevi ya Mwingereza kepteni ni mtu mzito, sawa na kanali wa nchi kavu, anaweza kupewa meli kubwa. Kepteni wa Kenya Navy yuko chini ya meja, ni kijana bado ana miaka ya kupanda. Juu ya hilo tena sisi raia tunamwita kila anayeongoza chombo kepteni, hata wa mashua ya kwenda Wasini. Ukisikia "kepteni wa meli" uliza, cheo ama kazi?

Na wanamaji hawakubaki majini tu. 2000 jenerali Joseph Kibwana alikuwa wa kwanza kutoka nevi kuwa mkuu wa majeshi yote ya Kenya, na 2015 akafuata Samson Mwathethe, naye mwanamaji.

Ukimaliza yote nenda Fort Jesus

Meli zilizo hai umeshajua kuzisoma, sasa kasome zilizokufa. Kuna vyombo ndani ya jumba la makumbusho vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanna, manowari ya Kireno iliyozama hapo chini ya ngome 1697, Waarabu wa Oman wakiwa wameizingira ngome, na wazamiaji wakaichimbua kati ya 1977 na 1980. Usipite mbio ukitafuta mahali pa kupiga selfi.

Lakini mi nakutuma kwa mizinga miwili. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia Zanzibar alfajiri ikaikuta ya Mwingereza, Pegasus, imezima injini inatengenezwa, ikaizamisha hapohapo bandarini. Kisha Königsberg ikajificha kwenye delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, ikatafutwa miezi, mpaka Julai 1915 Waingereza wakaleta meli za kina kifupi zikaimaliza. Wajerumani wakazamia wakang'oa mizinga yake yote kumi, wakaitia magurudumu, wakaenda kupigania nayo nchi kavu Tanganyika, na Waingereza nao walikuwa wameshafanya hivyohivyo na mizinga ya Pegasus. Meli mbili zimezama na bado zinapigana barani.

Mzinga mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus yote iko Fort Jesus, maadui wamewekwa nyumba moja. Hakuna bendera, hakuna namba ubavuni, utasoma chuma chenyewe. Ukiwakosa uliza wenyewe walioko pale watakuonyesha. Enda asubuhi hapo pia, na usikalie mzinga saa saba mchana ukiwa na kaptula nyepesi ili upigwe picha. Mi nilikalia.